Herufi Tatu

Daktari yule wa kwanza hakuwa na mashine.
Alikuwa na sikio, kalamu, na foleni mpaka mlangoni,
na mimi nilikuwa na wiki sita tu Ibra,
kifua kimejaa vumbi la Sharqiya
na kilio cha Unguja nilichokimeza uwanja wa ndege.
Akaniwekea chuma baridi mgongoni, akasema vuta.
Akaandika kwa Kiarabu: ree, bee, wau.
Rabu. Pumu.
Herufi tatu, nikazibeba miaka kumi na tisa.

Niseme kweli: zilinifaa.
Watu walinihurumia kabla hawajanijua jina.
Shuleni sikupangiwa zamu ya uwanjani.
Wenzangu walipopanda Jabal Akhdar kutazama mawaridi yakichumwa
nilibaki chini, nalinda mabegi.
Pampu moja mkobani, moja chini ya mto,
moja garini, pale Hilal alipokuwa akiweka sigara zake
kabla hajaziacha, kwa ajili yangu.

Na mama yake, Bi Ghaliya,
aliyeujua udi kama sonara ajuavyo dhahabu,
aliyeweza kunusa kipande akakwambia
nani kamdanganya nani bei,
siku kifua changu kilipopiga filimbi mbele yake
alikinyanyua chetezo kwa mikono miwili, makaa bado mekundu,
akaenda kukimwagia maji uani.
Hakusema kitu. Nilisikia tu: shhh.
Tangu hapo Idi zetu zilinuka sabuni.
Amefariki mwaka juzi. Nguo zake nilizikunja mwenyewe.
Hazikuwa na harufu ya mtu.

Mwaka huu kliniki imepata daktari mpya, Bushra,
rika la wanafunzi wangu wa mwanzo.
Akafungua faili, akarudi nyuma, akarudi nyuma tena.
"Nani alikupima?"
Nikamtaja yule wa kwanza.
"Huyo alikusikiliza. Mimi nauliza nani alikupima."

Basi nikapuliza,
pua imebanwa kwa kibanio kama nguo kambani,
na Shaji, fundi wa mashine, mtu wa Kerala,
ananipigia kelele kama mwenye ngamia mbioni:
puliza puliza puliza, bado bado bado!
Mstari ukapanda kwenye kioo, ukashuka bila tatizo.
Wakanipunguzia dawa: nusu, robo, kisha hakuna.
Miezi minne, na kila mwezi Shaji na kelele zake.
Mwisho wakanivutisha mvuke wa kuyachokoza mapafu.
Wakazidisha. Wakazidisha.
Mapafu yakakaa kimya kama watoto waliosingiziwa.

"Huna pumu," alisema Bushra. "Huenda uliwahi kuwa nayo
ikaondoka. Huenda hukuwahi. Leo siwezi kujua."
Furaha niliitafuta, sikuiona.
Nikauliza: na ile filimbi?
Akasema lipo koo linalojifunga lenyewe,
ipo tindikali inayopanda usiku, ipo hofu.
Akaniandikia barua kwa daktari wa koo.

Hilal aliendesha kimya mpaka kiplefti cha pili.
"Kwa hiyo zile sigara..." akasema, akacheka,
kisha akaacha kucheka,
maana sote wawili tulikuwa tumeshafika
kwenye chetezo.

Usiku nikaingia chumbani kwa Bi Ghaliya.
Kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa,
na ndani ya bati la biskuti udi wake, vipande saba.
Mtu haweki kitu asichokingoja.
Nikawasha kaa. Nikaweka kipande, kidogo, kama mwizi.
Moshi ukasimama, ukanijia puani
kama mgeni aliyeachwa mlangoni muda mrefu,
nikakohoa.
Kama anavyokohoa mtu yeyote.
Nilipogeuka, Hilal alikuwa kizingitini,
pampu mkononi, kifuniko ameshakifungua.